Ukumbi wa Subira

Tangazo lilisomwa siku ya Jumatatu, baada ya kisomo kifupi na hotuba ndefu: kuanzia siku hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, hakuna mtu katika Mji Mkongwe na viunga vyake atakayekosa pa kuweka ubavu. Aliyelisoma ni Bwana Mundhir Amjad, Mkurugenzi wa Idara ya Stara na Makaazi. Alipofika kwenye saa mbili na nusu alitazama saa ya mkononi, kwa kuwa hakutaka jambo kubwa kama lile lichelewe. Saa ilikuwa mbili na dakika thelathini na tano. Akawajuulisha wananchi kwamba ukosefu wa makaazi umeshakoma dakika tano nyuma, na watu wakapiga makofi.

Bwana Mundhir hakuwa mtu wa mchezo. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na yeye alikuwa na shahada. Alivaa tai hata mwezi wa Februari, pale joto la mji linapowavua watu hata aibu. Aliamini kwa moyo safi kwamba hakuna shida ya mwanadamu isiyoweza kutiwa kwenye fomu. Shida iliyokataa kuingia kwenye fomu, hiyo si shida tena, ni tabia.

Fedha za idara zilitoka juu, kwa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la kujenga nyumba ya stara kwa watu wasio na makaazi. La pili lilikuwa la kinga, yaani kuwasaidia wenye makaazi wasije wakayakosa. Barua iliyokuja nazo ilikuwa ya ukurasa mmoja na haikuwa na neno gumu hata moja, jambo lililomtia Bwana Mundhir wasiwasi. Akaisoma mara tatu, kisha akamwita katibu wake.

"Bi Kawthar!"

"Naam."

"Hebu niambie. Mtu aliye uchi anaweza kumvisha mwenzake?"

"Hawezi, Mkurugenzi."

"Sasa idara isiyo na nyumba itawapaje watu nyumba?"

Bi Kawthar alikuwa serikalini mwaka wa ishirini na mbili, na alishawaona wakurugenzi sita wakija na wakiondoka. Akasema, "Hilo nalo neno."

Basi nyumba ya stara ikapatikana, na wa mwanzo kustirika ikawa idara. Lilikuwa jumba kongwe la ghorofa mbili huko Kiponda. Mafundi walilitengeneza kama barua ilivyotaka: vyumba kumi na viwili vya kulala, kila chumba na bafu lake, jiko kubwa, mabomba ya maji moto. Bwana Mundhir hakubadilisha kitu. Alichofanya ni kutoa vitanda kuvipeleka stoo na kuingiza meza. Kila ofisa akapata chumba chenye bafu, hatua iliyoondoa kabisa foleni ya chooni na kuongeza ufanisi.

Ikabaki kuwajua hao wasio na makaazi ni akina nani. Ikaundwa Kamati ya Tafsiri, ikapelekwa siku tano hotelini Nungwi ili ipate utulivu wa kufikiria watu wasio na pa kulala. Ilirudi imebabuka mapua kwa jua, na tafsiri mkononi: asiye na makaazi ni mtu asiye na mlango wa kufunga. Baada ya hapo ukafanywa utafiti. Maofisa walipita mitaani wakigonga nyumba hadi nyumba, na kila aliyefungua mlango aliulizwa kama ana mlango. Wote walisema wanao. Bwana Mundhir alifurahi sana na matokeo hayo, ingawa hayakumshangaza.

Mvua za masika ndizo zilizoharibu takwimu.

Mkunazini alikuwa akiishi mjane mmoja, Bi Mardhiya Mansour, mwanamke wa miaka sitini na nane. Alikaa peke yake katika nyumba ya urithi. Warithi wenziwe wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine makaburini, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe akubali ndipo dari itengenezwe. Asubuhi moja mvua ilipotulia, Bi Mardhiya alijitanda kanga akatoka kwenda kununua boflo, mkate wa kunywia chai. Alifunga mlango kwa ufunguo, kama afanyavyo siku zote. Aliporudi, mlango ulikuwa palepale umefungwa. Nyumba ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Alisimama na boflo lake mkononi hata vumbi likatua. Majirani wanasema hakulia. Alifungua mlango kwa ufunguo, akachungulia ndani, akaona boriti, mawe na kipande cha kitanda chake cha harusi kimesimama wima. Akaufunga tena, na ufunguo akautia kwenye mkoba.

Kesho yake alikuwa Kiponda. Idara ilikuwa na madirisha mawili ya huduma, la Kinga na la Makaazi, na ofisa mmoja wa kuyahudumia yote mawili, Bwana Wakil.

"Shikamoo, Bi," alisema Bwana Wakil kwenye dirisha la Kinga.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu imeanguka."

"Maskini. Lini?"

"Jana."

"Basi hapa pamekupita, Bi. Sisi tunazuia kabla. Ungelikuja juzi."

"Juzi ilikuwa haijaanguka."

"Ndo siku yenyewe ya kuja. Nenda dirisha la pili."

Dirisha likafungwa. Bi Mardhiya akasogea hatua mbili. Dirisha la pili likafunguka, na ndani yake akatokeza Bwana Wakil.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Si weye uliyekuwa pale?"

"Pale ni kitengo chengine. Nikusaidie nini?"

"Nyumba yangu imeanguka."

"Mlango upo?"

"Upo."

"Unafungika?"

"Unafungika. Ufunguo huu hapa."

Bwana Wakil aliutazama ufunguo kwa masikitiko ya kweli. "Ungelisema umepotea, Bi, tungelikuwa na pa kuanzia. Kwa tafsiri ya kamati, mwenye mlango na ufunguo wake ana makaazi."

"Mwanangu, nyuma ya mlango mna mawe, na mbuzi wa jirani."

"Tafsiri haijafika nyuma ya mlango. Kwa sasa kamati iko mlangoni."

Bi Mardhiya akaomba kumuona mkubwa. Bwana Mundhir alishuka mwenyewe, na alipomuona alishtuka, kwa sababu alikuwa akimjua. Alikuwa shoga wa marehemu mama yake.

"Mundhir, mwana wa Basma!" alisema Bi Mardhiya. "Weye nilikuogesha kwa mikono hii."

Bwana Mundhir aliona haya mbele ya Wakil. Lakini pia aliingiwa na huruma, na hilo lazima lisemwe. Alimvutia kiti kwa mkono wake, akamwelezea kwamba ana haki ya rufaa, kwamba rufaa husikilizwa ndani ya siku tisini za kazi, na kwamba atangojea katika Ukumbi wa Subira, ambao ulikuwa na feni. Kisha akamwonesha kibao cha masharti ukutani. Sharti la nne alilitunga mwenyewe na alikuwa akilipenda: *Muombaji atakayeondoka ukumbini jioni atakuwa amedhihirisha kuwa ana pa kwenda. Mwenye pa kwenda ana makaazi. Faili lake litafungwa.*

Sharti hilo lilikuwa limefanya kazi vizuri mno. Kila jioni ukumbi ulimalizika watu, na kila asubuhi mafaili yalikuwa yameshafungwa.

Bi Mardhiya alivaa miwani, akakisoma kibao mara mbili, akaketi.

Ilipofika saa tisa na nusu, maofisa walianza kufunga madirisha. Bwana Mundhir akapita na mkoba wake.

"Bi Mardhiya, tunafunga."

"Fungeni, mwanangu. Mie nshaingia."

"Haiwezekani mtu kubaki ofisini."

"Kwani nikitoka faili langu litakuwaje?"

Bwana Mundhir akatazama kibao. Kibao hakikumsaidia. Akafikiria kumtoa kwa nguvu, lakini kumtoa mtu mahali alipo ni kumkosesha makaazi, na idara nzima ilikuwepo kuzuia jambo hilo. Akampa ufunguo wa choo akaenda zake nyumbani, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba amefuata utaratibu.

Wiki hiyohiyo akaja Nahodha Haji, nahodha kwa jina tu, fundi chokaa wa Makunduchi. Alikuwa amepanga chumba Mlandege miaka kumi na moja, mpaka mwenye nyumba alipogundua kuwa marobota ya mitumba yakitiwa chumbani mle hayalalamiki mabati yakivuja. Bwana Wakil akamuomba barua ya sheha wa mahali anapokaa.

"Sikai popote. Ndo maana nimekuja."

"Basi leta barua ya sheha wa hapo popote."

Nahodha aliugusa ukuta wa ukumbi. "Ukuta huu nimeupiga chokaa mie. Dari ile nimeipiga mie. Kila chumba humu nakijua kwa kiganja." Halafu ghadhabu zikampanda, Kiunguja kikamkimbia, akamaliza kwa Kimakunduchi. Alisema kwa muda mrefu na kwa vidole. Bwana Wakil, mtoto wa mjini, hakufahamu hata neno moja. Kwenye kumbukumbu akaandika: *Muombaji alitoa shukrani kwa kirefu.*

Nahodha naye akasoma kibao, akaketi karibu na Bi Mardhiya. Mwisho wa mwezi walikuwa tisa, na mama mmoja wa Jang'ombe alikuja na mwanawe wa ziwa, bado ananyonya.

Bwana Mundhir hakukaa bure. Alitoa waraka uliopiga marufuku kupika ukumbini. Wakaenda kupika jikoni. Akatoa waraka wa pili, unaopiga marufuku kulala ukumbini. Wakavitoa vitanda stoo wakapanda navyo juu. Bwana Mundhir alikuwa hajawahi kuona nyaraka zake zikitiiwa haraka namna ile, na kwa siku mbili tatu alitembea kifua mbele. Maofisa waliokuta godoro chumbani asubuhi walihamisha meza zao kwenye chumba cha mwenzao, kwa muda, mpaka rufaa zisikilizwe.

Na kazi ilikuwa haijapata kwenda vizuri kama wakati ule. Nahodha alizibua mabomba na kuziba ufa wa ngazi. Bi Mardhiya alikuwa akikaanga mandazi ya hiliki tangu alfajiri, na maofisa ambao miaka yote walikuwa wakiingia saa nne walianza kuonekana saa moja na nusu, wamekwishanawa mikono. Bwana Mundhir akaandika kwamba nidhamu imepanda kutokana na usimamizi.

Siku nyengine alipokuwa akipanda ngazi alikuta kanga zimeanikwa kwenye ukingo wa roshani, na harufu ya udi inatoka chumba kilichokuwa cha Uhasibu. Alisimama hapo kidogo. Nyumba ilikuwa ikinukia kama kwa mama yake. Kitu kikampanda kifuani ambacho hakukijua ni cha kitengo gani, akakohoa, akaendelea na safari yake.

Katika mwezi wa tatu wa rufaa ikaja barua kutoka juu. Nayo ilikuwa fupi. Iliuliza: mpaka sasa, watu wangapi wamepatiwa makaazi?

Bwana Mundhir alilegeza tai. Alikuwa na waraka wa tafsiri, ripoti ya utafiti, picha za Nungwi na mafaili mia mbili yaliyofungwa. Mtu hakuwa naye hata mmoja.

"Bi Kawthar, tumekwisha."

Bi Kawthar alikuwa akinywa chai. "Hao walioko ghorofani ni akina nani, Mkurugenzi?"

"Waombaji."

"Wanalala?"

"Wanalala."

"Milango wanayo?"

"Wanayo."

"Inafungika?"

Bwana Mundhir akaikaza tena tai yake. Kisha akaagiza aitwe sheha.

Sheha Mmanga alifika na daftari kubwa kwapani. Alipanda juu, akashuka, akapiga miayo. "Sheha huandika anachokiona," alisema. "Nimeona watu, nimeona magodoro, nimeona sufuria la mchuzi. Hawa ni wakaazi wa shehia yangu." Akawaandika wote tisa, na yule wa ziwa, ambaye Bwana Wakil alikuwa amemkatalia fomu kwa kukosa sahihi, naye akaandikwa. Wakawa kumi.

Bwana Mundhir aliketi akaandika ripoti kwa furaha aliyokuwa ameshaisahau. *Watu kumi wamepatiwa makaazi ya kudumu katika nyumba ya kisasa yenye huduma zote.* Akatia sahihi, akagonga mhuri. Ilimpitikia kwamba katika ripoti zake zote hii ndiyo ya mwanzo iliyokuwa ya kweli, na akaona ajabu jinsi ukweli unavyokuja wenyewe mtu akitulia.

Ukweli ulipofika huko juu ulipendeza kiasi cha kutumiwa mkaguzi.

Alikuwa Bi Yusra Zahor, mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, cheko hana. Alikuja Jumatano asubuhi bila ya taarifa, akamkuta Bi Mardhiya kwenye ngazi na ungo wa mchele mapajani.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum ssalaam. Karibu, mwanangu. Unakaa au unapita?"

"Nnakagua."

"Kagua, lakini chai kwanza."

Bwana Mundhir alipopata habari, mkaguzi alikuwa ameshakunywa chai, ameshahadithiwa habari ya boflo, na alikuwa akipita chumba hadi chumba na Bi Mardhiya. Aliona vitanda, vyandarua, mswala umekunjwa, viatu vya mtoto dirishani. Alifungua mabomba, maji moto yakatoka. Kila chumba alitia alama kwenye karatasi yake. Kisha akashuka chini, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma, na humo akawakuta maofisa kumi na mmoja wamebanana baina ya meza, wengine wamekaa juu yake.

"Na hawa ni nani?" aliuliza.

Hapo Bwana Mundhir alipiga hesabu. Akisema hawa ni maofisa na hii ni ofisi, basi ripoti ni ya uongo, na nyumba ya wasiojiweza imeliwa na meza. Akisema hii ndiyo nyumba ya stara, itabidi aseme hawa ni nani.

"Hawa," alisema Bwana Mundhir, "ni wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wa... wakaazi."

"Kumi na mmoja? Na matai?"

"Wamekuja kwa heshima."

Bi Yusra akamgeukia Bi Mardhiya. "Bi, hawa ni wageni wako?"

Bi Mardhiya alimtazama Bwana Wakil, na Bwana Wakil akatazama viatu vyake. Alimtazama Mundhir mwana wa Basma, tai limempinda kama la mtoto wa skuli siku ya mwanzo. Neno moja tu lingetosha kuwamaliza wote, na yeye alikuwa na maneno ya miezi mitatu.

"Ni wageni," alisema. "Wanakuja kila siku tangu asubuhi. Wanakaa sana, lakini hawana ubaya."

Bi Yusra akaandika. "Masharti ya nyumba ya stara yako wazi. Mgeni mwisho alasiri, na haachi vitu vyake. Meza hizi zitoke."

"Zitatoka," alisema Bwana Mundhir.

"Lini?"

"Leo."

"Na ofisi ya idara iko wapi? Nataka kuikagua nayo."

Bwana Mundhir alizitazama meza zinazosubiri kutolewa. "Hatuna ofisi, Bi," alisema mwishowe.

Mkaguzi akavua miwani. Alikuwa mwaka wa kumi na tisa kwenye kazi ile, na kila alikopelekwa kukagua visima, maskuli au vituo vya afya, alionyeshwa ofisi ya mradi. "Mmejenga nyumba hii yote," alisema kwa sauti ya chini, "na nyinyi wenyewe hamna pa kukaa?"

"Tulitanguliza wananchi."

"Nitaandika hivyohivyo."

Na kweli aliandika. Barua ilikuja baada ya wiki mbili, ikaipongeza idara kwa kuthibitisha kwamba kazi kubwa inaweza kufanyika bila ya ofisi. Kwa hivyo fungu lote la ofisi, viyoyozi na semina likaondolewa, likapelekwa kwenye nyumba ya pili ya stara, Mlandege, na fundi wake mkuu akawa Nahodha Haji. Hati ya jumba la Kiponda ikatolewa kwa jina la wakaazi. Siku ya kuikabidhi, Bwana Mundhir alitoa hotuba ya dakika mbili, kwa kuwa safari hii aliyesimama juani alikuwa yeye. Alimpa Bi Mardhiya bunda la funguo kwa mikono miwili. Mkurugenzi naye akapewa cheti cha pongezi, kikubwa, ndani ya fremu ya kioo.

Alikishika mchana kutwa. Hakuwa na ukuta wa kukitundika.

Kwa sasa idara inafanya kazi zake kwenye baraza ya nje ya jumba hilo, kwa ruhusa ya maandishi ya wakaazi, ambayo iliombwa kwa fomu na kujibiwa siku ileile. Mafaili yamefunikwa turubali. Kila inapokaribia alasiri, maofisa hukusanya vyao wakaondoka, na Bwana Mundhir hubaki wa mwisho, cheti kimemlalia magotini, akitazama mawingu upande wa bahari. Mvua ikianza, husimama akapiga hodi. Bi Mardhiya hana haraka ya kufungua, lakini hufungua.